Masika yakiingia, kambare wangu hutaga

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaotaka kufuga samaki wa mapambo hapa pwani ni la pampu. Ninunue ipi, ya bei gani, inakula stima kiasi gani? Nami huwarudishia swali: kwenu mnatumia maji gani? Wengi hucheka wakidhani nawafanyia mzaha. Pampu ya hewa iliyo rahisi kuliko zote dukani itatosha, na chujio la sponji la kujitengenezea nalo litatosha. Lakini ukitaka kambare wa Amerika Kusini, na hasa ukitaka watage, mambo yote yatakwenda au yatakwama kwenye maji. Na Lamu kuna maji ya kila namna: ya kisima cha nyumbani, yenye chokaa na mara nyingine chumvi, ya bomba, yanayotoka visima vya Shela chini ya ile milima ya mchanga, na ya mvua, ambayo wenye akili huyakinga na kuyaweka.

Mimi nashona kofia. Kofia ya vito ni kazi ya miezi, ya kukaa kitako na kutazama karibu, na tangi langu kubwa liko mbele yangu pale ninaposhonea, chini, ndani kabisa ya nyumba, ambako kuta za mawe ni nene na jua halifiki. Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho, sindano mkononi.

Kufuga samaki ndani si jambo geni kwetu. Nyumba za zamani za Lamu zina birika chooni, na chini ya birika mafundi walijengea bakuli ya kauri ya Kichina, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujisitiri. Samaki wale walikuwa wakila viluwiluwi vya mbu, na nyumba ikalala salama. Mavyaa wangu alikulia nyumba ya aina hiyo. Siku nilipoleta tangi la kioo alilizunguka, akalitazama, akasema, "Samaki wa birika walikuwa na kazi yao. Hawa wako, mwanangu, wana kazi gani?" Mpaka leo sijampa jibu la kumridhisha. Kori, hao kambare wangu, hawatamfanyia kazi ya birika. Wao ni watu wa chini, pua mchangani kutwa nzima, na kiluwiluwi kikining'inia juu ya maji hawana habari nacho mpaka kishuke.

Kori ndilo jina tunaloitana nalo sisi wafugaji. Kwenye vitabu ni Corydoras. Ni kambare mdogo, wengi sentimita sita saba, asiye na magamba bali vibamba vya mfupa vilivyopangwa safu mbili kila ubavu. Ana sharubu fupi za kupapasia chakula na macho anayoweza kuyazungusha, ukadhani anakukonyeza. Usimlinganishe na fumi wa baharini wala na kambare mkubwa wa Tana. Huishi kwa makundi. Ukiwa na mmoja au wawili hujificha tu, ukiwa na sita au zaidi wanazagaa tangi zima kama nyumba yenye harusi. Nawafuga aina mbili, aeneus wa rangi ya shaba na sterbai mwenye madoa meupe kichwani na mapezi ya chungwa. Mwaka 2024 wataalamu waliligawanya lile jenasi kubwa la Corydoras, na sasa aeneus anaandikwa Osteogaster aenea, sterbai anaandikwa Hoplisoma sterbai. Kori wenyewe hawajaambiwa.

Wapo wengine ambao singependekeza kwa mtu wa pwani. Paleatus ana historia kubwa: Charles Darwin alimkusanya katika safari ya meli ya Beagle, Leonard Jenyns akamwelezea kitaalamu mwaka 1842, na Paris walikwisha kumzalisha kwenye matangi mwaka 1878. Nenda Nairobi utamkuta madukani. Lakini huyo ni samaki wa kusini, wa maji ya Argentina na Uruguay, anayependa ubaridi. Ukimleta Lamu wakati wa kaskazi, Februari na Machi, unamchemsha. Sterbai anatoka upande wa mto Guaporé, mpakani mwa Brazili na Bolivia, naye hustahimili joto kuliko kori wengi. Aeneus yuko katikati. Sisi watu wa hapa tuchague samaki kwa joto letu kwanza, rangi baadaye. Hita sijawahi kununua na sioni atakayenishawishi.

Kaskazi kali ndiyo mtihani. Maji ya digrii 25 yanaweza kushika kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanashika kama 7.6. Unaweza kusema tofauti ni ndogo, lakini wakati huo huo mwili wa samaki unadai hewa zaidi kwa sababu ya joto, na uchafu unaoza haraka zaidi. Kori amejaliwa njia ya pili: hupanda juu kwa kasi, akameza funda la hewa, akarudi chini, na ile hewa hufyonzwa kwenye utumbo wa nyuma. Ukiona mmoja anafanya hivyo mara moja moja, ni kawaida yake. Ukiona kundi zima linapanda na kushuka bila kupumzika, maji yamechoka, badilisha. Mimi huweka feni ndogo ipulize juu ya maji. Yanapofuka, yanapoa digrii mbili tatu. Ila kumbuka kinachofuka ni maji matupu, madini yanabaki tangini, kwa hiyo ukijaza kilichopungua jaza kwa maji ya mvua. Ukijaza kwa ya kisima kila siku, baada ya wiki chache unafuga kambare kwenye supu ya chokaa.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Ile mito ya Amazoni wanakotoka jamaa hawa, mingi ina maji laini, madini kidogo, yamepita kwenye majani yaliyooza. Mji wetu umesimama juu ya matumbawe na mchanga wenye vipande vya kombe, na maji yakipita humo yanabeba chokaa. Aeneus atavumilia ugumu huo na ataishi. Kutaga ni jambo jingine, na mayai kuanguliwa ni jambo la tatu. Nina kipimo kidogo cha betri kinachosoma madini yaliyoyeyuka, na karatasi za kupimia asidi. Maji ya kisima chetu yanasoma juu sana. Ya mvua yanakaribia sifuri. Sifuri nayo haifai, maana maji yasiyo na madini kabisa hayana cha kuzuia asidi isibadilike ghafla. Kwa hiyo nachanganya: ndoo tatu za mvua, ndoo moja ya kisima, kisha napima. Mvua ya kwanza ya msimu huiachia iende zake, inaosha vumbi na mavi ya ndege juu ya dari. Ninayokinga ni ya pili na kuendelea.

Upande wa Pate na Manda watu wamejenga majabia tangu zamani, mabwawa ya kukingia mvua, na mtu wa huko ana bahati kuliko mimi, ingawa jabia lililosilibwa kwa chokaa hubadilisha maji kidogo, basi apime. Mimi nina mapipa mawili, na hayo mapipa ndiyo chanzo cha ugomvi pekee tulio nao na mavyaa. "Mai ya mvua ni ya chai," ananiambia, "si ya samaki." Tumepatana: pipa moja lake, moja langu, na nikimshika mtu akichota kwenye langu kwa kufulia patazuka neno.

Kisha kuna majani ya mkungu, ule mti wa kungu (Terminalia catappa). Wafugaji wa Ulaya wanauziwa majani haya makavu kwa pakiti, yamehesabiwa, yana bei. Hapa yanaanguka njiani, punda wanayakanyaga, wafagiaji wanayachoma. Okota yaliyoanguka yenyewe yakiwa mekundu au kahawia, si mabichi, yaoshe, yaanike kivulini mpaka yakauke kabisa. Jani moja kubwa kwa lita kama arubaini, likishaoza tia jingine. Maji yanageuka ya hudhurungi, asidi inapanda kidogo, na ile dawa inayotoka kwenye jani husaidia mayai yasishikwe na ukungu kwa urahisi. Watoto wa mtaani wameshajua. Wananiletea kwa mafungu, nawapa mabuyu.

Mchanga pia una siri yake. Kori huuchota mdomoni, akachuja chakula, akautoa kwa mashavuni. Kokoto zenye makali zinamla sharubu mpaka zibaki visiki. Unatakiwa mchanga laini. Lakini wa ufukweni una kombe, na wa Shela usiuguse kabisa, ile milima ndiyo inayotuhifadhia maji ya mji. Chukua mchanga wa ujenzi wa mtoni unaoletwa kutoka bara, uuchekeche, kisha utie kijiko kimoja kwenye kikombe na uumiminie siki au ndimu. Ukitoa povu, una chokaa, tafuta mwingine.

Haya, masika. Tangu kaskazi nawapa chakula cha kawaida, sibadilishi maji mengi. Pepo zikianza kugeuka kuingia kusi, naongeza chakula chenye nguvu: minyoo ya udongo iliyokatwakatwa, dagaa au uduvi wa kusagwa, na viluwiluwi vya mbu ambavyo natega mwenyewe kwenye beseni. (Beseni hilo nalifunika kwa chandarua na kulichuja kila siku mbili; afisa wa afya akinikuta na beseni wazi atakuwa na haki ya kunifokea.) Kufikia mwisho wa Aprili majike wamejaa. Ukiwatazama kutoka juu unawajua: jike ni mpana mabegani, dume amekonda. Madume wawili kwa jike mmoja ndiyo hesabu nzuri.

Kule kwao mvua kubwa zikinyesha mito inapanda, maji baridi mapya yanafurika msituni, na chakula kinakuwa tele. Hiyo ndiyo alama wanayoingoja. Kwangu alama hiyo ipo mlangoni. Mvua ya Mei inapopiga, nachota maji mapya, nayaacha usiku kucha kwenye mtungi wa udongo usiopakwa rangi. Mtungi unatoa jasho, maji yanapoa, kama tulivyokuwa tukinywa kabla ya friji. Alfajiri namwaga nusu ya maji ya tangi na kuyajaza taratibu kwa yale ya mtungi, nayachanganya kwanza na ya kisima. Joto la tangi linashuka digrii tatu hivi. Sio lazima iwe siku ya mvua, lakini nimeona wazi kwamba mtungi pamoja na wingu zito hufanya kazi kuliko mtungi peke yake. Wafugaji wengi huamini kori huhisi mgandamizo wa hewa unaposhuka kabla ya mvua. Siwabishii.

Kesho yake asubuhi, mara nyingi, fujo inaanza. Madume wanamfuata jike kila pembe, wanamsugua kwa sharubu mgongoni na kichwani. Jike naye anaanza kusafisha kioo kwa mdomo, anajaribu hapa, anajaribu pale, na mahali anapopapenda zaidi ni penye mapovu ya pampu yanayopanda. Halafu dume mmoja anajilaza ubavu mbele yake, na jike anabandika mdomo ubavuni mwa dume, wamekaa herufi T. Dume anazibana sharubu za jike kwa pezi lake la kifuani. Wanatulia hivyo, wanatetemeka kidogo, wakishuka chini polepole. Wakati huo huo, chini ya tumbo, jike amekunja mapezi mawili yakawa kikapu, na ukikaza macho unaona yai moja linaingia, la pili, pengine la tatu, meupe yenye umanjano.

Lililoniacha mdomo wazi ni hili: jike anaimeza mbegu ya dume. Watafiti wa Japani walilieleza jambo hilo kwa aeneus mwaka 1995. Mbegu inapita haraka kwenye utumbo, inatokea nyuma, karibu kabisa na kile kikapu cha mapezi, mayai yanarutubishwa humo humo. Akishaachwa na dume, jike anapumzika kidogo, anaogelea mpaka kioo alichokisafisha, anabandika yale mayai, yananata kama gundi, na anarudi kutafuta dume mwingine. Inaendelea hivyo kwa saa kadhaa. Siku kama hiyo kofia haisogei.

Mayai yaweza kuwa mia na zaidi kwa jike mmoja, na wazazi watayala wakipata nafasi. Hawana ulezi hawa. Wakishamaliza natumia kidole, nayaviringisha taratibu kwenye kioo mpaka yang'oke. Magumu kuliko unavyodhania, hasa baada ya saa moja mbili. Nayatia kwenye bakuli ya plastiki yenye maji ya tangi lile lile, kipande cha jani la mkungu, na mpira mwembamba wa hewa ukitoa mapovu machache. Kila asubuhi nayakagua. Lililorutubishwa linaanza kuwa na rangi ya kahawia, na siku ya pili unaona doa jeusi la jicho. Lililokufa linakuwa jeupe pe, na ukungu wake unaambukiza jirani. Hilo nalitoa kwa ncha ya sindano ya kofia. Kwenye joto letu siku tatu au nne tu wanatoka, na kwa siku mbili nyingine wanaishi kwa kiini walichobeba tumboni. Usiwape kitu siku hizo mbili. Chakula kisicholiwa ndicho kinachoua watoto wengi.

Baada ya hapo wanataka kitu kilicho hai na kidogo, nacho ni artemia, kidudu cha maji ya chumvi cha jamii ya kamba. Miaka ya 1980 watafiti waliipandikiza kwenye mabwawa ya chumvi ya upande wa Gongoni na Kurawa, kaskazini mwa Malindi, na shemeji yangu anayefanya kazi huko huniletea mayai yake makavu, yanafanana na unga wa mdalasini. Wafugaji wa mbali na bahari hupima chumvi kwa gramu ili wayaangue. Mimi nachota maji ya bahari yakijaa, nayachuja kwa kanga iliyochakaa, natia mayai nusu kijiko kwenye chupa iliyokatwa, hewa ipite, na kesho yake chupa imejaa vidudu vya chungwa vinavyochezacheza. Unamulika tochi upande mmoja, vinakusanyika kwenye mwanga, unavivuta kwa mrija, unavisuuza kwa maji baridi ya mvua kwanza ili chumvi isiingie kwa watoto. Mtoto wa kori akishashiba artemia tumbo lake linaonekana la chungwa kwa nje, na hiyo ndiyo ripoti ya siku.

Mbali na kori, nafuga pia kambare wa jenasi ya Ancistrus, ambao tunawaita mandevu. Huyu hana mbwembwe. Mdomo wake ni kikombe cha kunyonyea, na dume aliyekomaa anaota matawi ya nyama puani kote, sura ya kutisha kwa samaki wa sentimita kumi na mbili. Jike hana, au ana vichache pembeni mwa mdomo. Kumzalisha ni rahisi kuliko kori: mpe pango. Nimeshatumia vigae vya mitungi, lakini bora ni kifuu kilichotobolewa tundu moja, kikachemshwa mara kadhaa mpaka kiache kutoa rangi, kikawekwa tundu likitazama gizani. Dume anaingia, anakisafisha, anamwita jike, na akishataga anamfukuza. Mayai yake ni ya chungwa, makubwa, yameshikana kishada, na baba anakaa mlangoni akiyapepea kwa mapezi usiku na mchana. Katika siku zote za kulea hatoki kwenda kula. Ukisogeza kifuu kwa udadisi anaweza kuyatupa nje yote, basi acha. Ukitaka kuona, mulika tochi kwa pembeni, mara moja, uondoke.

Chakula chao kinapatikana gengeni: mung'unye, boga, tango, majani ya mchicha yaliyopitishwa maji moto. Kipande cha mung'unye nakichoma kijiti ili kizame, jioni nakitia, asubuhi kimebaki ganda. Na lazima wawe na gogo la kukwangua. Nina kipande cha mti wa mwembe uliokauka miaka mingi.

Hapa nina neno na wauzaji. Mandevu na jamaa zake wanauzwa kwa sifa ya kuwa "wasafishaji wa tangi". Mtu ananunua mmoja, hampi chakula, anangoja tangi lisafishwe, na samaki anakufa kwa njaa tumbo limebonyea. Samaki hasafishi, anakula mwani na anakunya kuliko wenzake wote. Baya zaidi, muuzaji mmoja wa Mombasa aliniuzia "mandevu mdogo" ambaye alikuwa Pterygoplichthys, yule jamaa wa madoa anayefika sentimita arubaini na zaidi. Dukani wote wana urefu wa kidole, lakini kuna namna ya kuwatofautisha: msubiri alisimamishe pezi la mgongoni, uhesabu vijiti vyake. Mandevu ana saba hivi. Yule mkubwa ana kumi au zaidi, na pezi lenyewe limesimama kama tanga. Wangu alikua, akapindua kila mmea tangini, mwishowe akachukuliwa na mtu wa Malindi mwenye bwawa la saruji.

Kabla ya huyo, rafiki wa Witu alijitolea kwenda kumtupa kwenye maji ya huko. Nilikataa kabisa, na ninaomba nawe ukatae. Florida, Mexico na Ufilipino wamejaa samaki huyu aliyeachiliwa na wafugaji. Anachimba mashimo kingoni mwa mito mpaka kingo zinaporomoka, na ngozi yake ya mifupa inaharibu nyavu za wavuvi. Tana na Sabaki zina wenyewe. Asiyemtaka samaki wake amrudishe dukani, ampe mtu, au amzike.

Watoto ninaouza wengi huenda Malindi na Watamu, na safari ni ndefu: boti mpaka Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, Malindi. Kori ana miba mitatu migumu, mmoja mgongoni na miwili ya kifuani, anayoweza kuifunga ikasimama. Inatoboa mfuko wa plastiki na inanasa kwenye wavu, ukijaribu kumnasua unamvunja. Mimi huwakamata kwa kikombe. Tena wakipata hofu, hasa sterbai, wanaweza kutoa sumu ndani ya maji yale yale waliyomo na kujiua wenyewe mfukoni. Dawa yake ni hii: siku moja kabla siwapi chakula, nawatia kwanza kwenye ndoo, wakishatulia na kutoa kilicho cha kutoa nawahamishia maji mapya, na wanasafiri kwenye ndoo yenye kifuniko, maji kidogo, nafasi ya hewa kubwa, jani moja la mkungu. Makondakta wameshazoea. "Mama, ndoo ya samaki tena?" Naam, na iwekwe kivulini, si juu ya injini.

Mpwa wangu amekuwa akinitumia picha za kambare pundamilia, Hypancistrus zebra, mweupe kwa mistari myeusi, na kuniuliza, "Shangazi, huyu lini?" Ni mzuri, sikatai. Alitambulishwa rasmi mwaka 1991, na duniani kote anapatikana sehemu moja tu, mto Xingu karibu na mji wa Altamira, Brazili, palepale ambapo bwawa la umeme la Belo Monte limegeuza mkondo wa maji tangu 2016. Brazili imekataza kumtoa nje, na mwaka 2022 aliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wanaozalishwa kwenye matangi wapo, kwa bei ambayo ningeshona kofia mpaka macho yaishe. Nimemwambia kwanza aje anisaidie kubadilisha maji ya sterbai, na aje na ndoo zake, kwa sababu za mavyaa hazishikwi. Na wewe unayesoma ukiwa Malindi, Nairobi au kwingineko usiko na mkungu karibu: nikishapeleka watoto wa msimu huu nitakuwa na gunia la majani makavu. Lipia nauli ya basi tu.